Nani Anawasha Jiko la Salima?

Sehemu ya kumi na moja

"Usiliguse hilo jiko!"

Nafasi yetu gazetini iliishia hapo wiki iliyopita, na nimeambiwa kuna wasomaji walionitukana mpaka marehemu babu yangu. Haya, tusicheleweshane. Salima, mke mdogo wa Abdala, yuko jikoni Kilwa Masoko. Mkono wake uko kwenye mpini wa lile jiko la umeme linaloongozwa kwa simu. Jiko limejiwasha lenyewe, limejifunga mlango lenyewe, na ndani yake kuna sinia la kolekole wa wageni wa posa. Sauti imemtokea nyuma.

Wengi wenu mlibashiri ni Bi Kidawa, mke mkubwa. Mmekosa. Wachache mlibashiri jini. Nyinyi ndio mnaotutia aibu.

Alikuwa Stella, fundi wa intaneti.

"Ukivuta huo mpini utaung'oa, halafu utazunguka sokoni kusema Stella ndiye kauharibu," alisema, akampita Salima bila salamu, akanyoosha mkono ukutani na kuzima swichi kubwa.

Jiko likanyamaza. Harufu ya samaki anayeungua ilizidi.

"Nifungulie mlango!" Salima alisema.

"Haufunguki mpaka lipoe. Limeamriwa kujisafisha. Likiamriwa hivyo linapandisha moto mpaka kila kilichomo kiwe majivu, na linajifunga ili mjinga asijichome."

"Mimi sikuliamuru!"

"Sijakuuliza."

Msidhani Stella alikuja kwa mapenzi. Ndiye aliyefunga intaneti katika nyumba ile, na Salima alikuwa ametangaza Masoko nzima kwamba ni intaneti ya Stella inayolitia jiko wazimu. Nyumba mbili za wageni zilikuwa zimeshaahirisha kumpa kazi. Stella ni mtoto wa Kipatimu, hana mdomo wa kubembeleza mtu. Alikuja kusafisha jina lake, na kama jina la Salima lingechafuka katika kusafisha lake, kwake ilikuwa heri.

"Nini kinanuka?"

Sasa huyo ndiye Bi Kidawa. Aliingia amevaa doti mpya ya khanga, ufito wa udi ungali mkononi. Alitazama kioo cha jiko, akaona moshi umejaa ndani.

"Samaki wa mwanangu," alisema polepole. "Umeunguza samaki wa mwanangu siku ya posa yake. Salima, roho yako imetengenezwa na nini?"

"Dada, wallahi sikugusa kitu."

"Usiniite dada! Mara ya kwanza mkate wa Maulidi ukawa mkaa, ukasema hukugusa. Sikukuu jiko likagoma kuwaka, tukala mihogo kama wafungwa, ukasema hukugusa. Leo watu wametoka Rasbura, Lindi, kuja kumtaka Somoe, na bado hujagusa! Kwani wewe huwa unapikia miguu?"

Stella alicheka. Salima alimtazama kwa jicho ambalo lingekuwa moto, kolekole wangeiva bila jiko.

Kabla hajajibu, Abdala akaingia. Kanzu nyeupe, kofia ya kufuma, manukato mpaka mlango wa pili. Abdala ni mnunuzi wa korosho, na ni mtu anayependa kusikilizwa.

"Shikamoo mzee," Stella alisema.

"Marahaba." Hakumtazama. Alikuwa akimtazama mkewe mdogo. "Nilikuambia nini, Salima?"

Salima aliachia mpini wa jiko.

"Nakuuliza. Nilikuambia nini mbele ya mashahidi?"

"Kwamba chakula cha posa kikiungua, narudi kwetu Tingi."

"Na talaka yako mkononi. Mshenga Huseni amenipigia sasa hivi, wameshakata kona Nangurukuru. Wakikaa mkekani bila chakula, wewe usiku wa leo huulali humu."

Aliyasema kama mtu anayeagiza maji ya kunywa. Salima aliyasikia kama hukumu, na sababu mnastahili kuijua. Aliwahi kurudishwa kwao, na mume wa kwanza, bila kosa lolote ila kutozaa. Tingi nzima ilimhesabia makosa ambayo mume mwenyewe hakuyataja. Ndiyo maana Abdala alipokuja kuposa, baba yake Salima alimwapisha: hutamwacha binti yangu bila kosa linaloonekana na watu. Abdala akaapa. Kurudi mara ya pili, tena kwa kosa lililoonekana na wageni kutoka Lindi, kungemmaliza mzee yule na kumzika Salima angali anatembea.

Aliogopa. Na ndani ya woga ule akaona hasira, akaishika hiyo.

"Nina kuku wawili nimeshawakoleza viungo," alisema. "Nitawabanika kwa mkaa. Wageni watakula."

"Mkaa ninao, stoo imejaa," Bi Kidawa alisema. "Lakini nitabanika mimi. Mikono yako sitaki."

"Mkaa hakuna!" Abdala akang'aka. "Nimewaambia watu wa Rasbura watapikiwa na jiko linalosikia simu. Nijiaibishe kwa moshi? Kuku wataokwa humo humo. Kama wewe Salima huwezi, sema sasa hivi huwezi, tumalize."

Hata Bi Kidawa alishangaa. Lakini katika nyumba ile akishasema Abdala, wake hufunga midomo na kufungua sufuria.

"Ninaweza," Salima alisema. Kisha akamgeukia Stella, na maneno yakamtoka kwa shida kama jino. "Nisaidie."

"Sirudishi jina langu kwa kusaidia," Stella alijibu. "Nalirudisha kwa kujua nani anafanya haya. Jiko likipona katikati, bahati yako. Mzee, ruta, kile kisanduku cha intaneti, iko wapi siku hizi? Niliiacha ukumbini."

Jibu lilikuwa: chumbani kwa Bi Kidawa. Mwenyewe alikuwa ameihamisha, kwa sababu kitu cha thamani hakikai mahali mke mdogo anapita. Stella alipoingia huko alisimama akashika kiuno. Ruta ilikuwa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua ya waridi, na juu ya kitambaa limewekwa kopo la biskuti.

"Mama Somoe, hiki kitambaa cha nini?"

"Kwani redio huwa tunaiacha uchi?"

"Kuta za nyumba hii ni mawe ya matumbawe, nene kama ngome. Halafu unaivika nguo na kuitwika kopo. Jiko lako litasikia nini huko lilipo?"

Akaivua kitambaa, akaibeba mpaka dirisha la ukumbini linalotazamana na jikoni. Bi Kidawa alimfuata nyuma akilalamikia waridi zake.

"Sasa. Paswedi yenu."

Salima na Bi Kidawa walitazamana, kila mmoja akimtaka mwenzake aseme.

"Somoe123," Salima alisema.

Stella hakucheka safari hii. Aliweka kompyuta yake mapajani, akatazama kwa muda, uso ukamkunjana.

"Huyu mama anaitwa nani mtaani?"

"Mama Somoe," Salima alijibu. "Nani asiyejua?"

"Basi muuza maji akipita anaitaja paswedi yenu. Jirani akimwita anaitaja paswedi yenu. Watoto wakitumwa dukani wanaipigia kelele barabara nzima, kilichobaki ni kuongeza moja, mbili, tatu! Nusu ya mtaa imo humu ndani. Huyu anaangalia mpira. Huyu sijui anapakua nini. Na yeyote kati ya hawa akitaka kuchezea vyombo vya nyumba hii, amekaribishwa."

Bi Kidawa alijipiga kifuani. "Mmesikia? Watu wa mtaani! Na huyu siku zote ananiangalia mimi kwa jicho baya."

Kweli Salima alikuwa akimtuhumu Bi Kidawa. Kila lilipotokea jambo, alimwona yeye. Sasa alijisikia vibaya, kidogo tu, maana Bi Kidawa hakumpa muda wa kujisikia vibaya zaidi.

"Niombe radhi," Bi Kidawa alisema.

"Nikishatoa kuku, dada."

Stella alibadilisha paswedi. Safari hii hakuitamka. Aliiandika mwenyewe kwenye simu ya Salima, akiwa amempa mgongo kila mtu, herufi na tarakimu zisizo na jina la mtoto wala la mjukuu. Papo hapo zikasikika kelele kutoka nyumba ya jirani: goli lilikuwa limekatizwa katikati.

Wakarudi jikoni. Swichi kubwa ikawashwa. Jiko lilikuwa limepoa kiasi cha kukubali kufunguka. Salima alitoa sinia lililokuwa na kolekole, akalitazama, akaliweka sakafuni asilione. Machozi yalimjia akayameza. Kulia kungekuja Tingi, kama ni Tingi.

Akaingiza kuku. Akabonyeza kuwasha. Kimya. Akabonyeza tena. Kwenye uso wa jiko kulikuwa na alama ndogo ya kufuli.

"Limefungiwa vitufe," Stella alisema. "Linangoja amri ya simu. Litoe kufuli kwa simu yako."

Simu ya Salima ikasema jiko halionekani.

"Stella, halionekani!"

"Umeliunganisha na mtandao gani? Hapo kuna majina mawili. Huo wenye kasi jiko hili haliujui. Chagua ule wa pili, wa kobe. Ndio unaofika mbali, na ndio pekee linaousikia."

Salima akachagua ule wa kobe. Taa ya jiko ikapepesa, ikapepesa, ikatulia. Kufuli likatoweka. Akawasha, na moto ukaanza kuunguruma vizuri, kwa adabu. Dakika chache baadaye harufu ya kuku, tangawizi na ndimu ilikuwa imelisukuma lile vundo la majivu hadi uani, na Bi Kidawa akakaa kujipaka hina viganjani.

Salima aliegemea ukuta. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alivuta pumzi mpaka mwisho.

"Nenda kawaambie wale wa sokoni sasa," Stella alisema, akikunja waya wake. "Waambie kosa lilikuwa kwenu, na mimi sikuwa na kasoro."

"Nitawaambia."

"Kwa sauti ile ile uliyonitukana nayo."

Abdala, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote mikono nyuma, alikohoa. "Ngoja niwapigie wageni niwaelekeze njia," akasema, akatoka barazani.

Msomaji, kama ungekuwa pale ungedhani hadithi imekwisha. Mimi ningefurahi, maana mhariri ananilipa kidogo. Lakini sikiliza.

Tk!

Sauti ndogo ya chuma. Mlango wa jiko ulikuwa umejifunga.

Tarakimu za moto kwenye uso wa jiko zikaanza kupanda. Salima alirukia simu yake, akagusa hiki, akagusa kile. Jiko halikumjali. Likaendelea kupanda, likiandika neno lile lile: KUJISAFISHA.

"Zima!" akapiga kelele.

Stella alikuwa ameshaifikia swichi kubwa. Giza likaingia kwenye kioo cha jiko. Kuku walikuwa ndani, hawajaungua bado, lakini wamefungiwa.

"Chakula kimeungua tena?" Abdala alikuwa amerudi mlangoni, sauti iko juu. "Salima! Umeniaibisha tena? Kusanya vitu vyako!"

Salima alimgeukia Bi Kidawa. Hasira yote aliyokuwa ameishika ikamponyoka.

"Ni wewe! Paswedi mpya hakuna mtu wa mtaani anayeijua! Umenichukia tangu siku niliyoingia humu, umenihesabia mpaka chembe za chumvi, na sasa unaunguza posa ya mwanao mwenyewe ili mimi niondoke!"

"Mimi?" Bi Kidawa alitandaza viganja vyake vitupu. Vilikuwa na hina mbichi. "Kwa simu ipi? Simu yangu iko sebuleni kwenye chaji! Na nikitaka kukuondoa nitakuambia ondoka, sihitaji kuagiza jiko likuambie!"

"Nyamazeni nyote wawili," Stella alisema.

Alikuwa ameshika simu ya Salima. Uso wake ulikuwa umebadilika. Ukali haukuwapo tena. Ulikuwa uso wa mtu aliyeguswa na kazi.

"Salima, kwenye simu yako, kitufe cha kujisafisha kiko wapi?"

"Sijawahi kukiona."

"Hutakiona. Hii apu ya jiko imekuandika mgeni. Mgeni anawasha, anazima, basi. Amri ya kujisafisha ni ya mwenye jiko peke yake, na amri yake mgeni hawezi kuitengua. Nimehangaika na mtandao bure. Huyu hakuvunja mlango, huyu ana ufunguo. Popote alipo, hata akiwa Lindi kwa bando lake mwenyewe, anawasha. Tungebadilisha paswedi mpaka kiyama." Akamgeuzia Salima kioo cha simu. "Na mwenye jiko, soma mwenyewe."

Salima akasoma. *Mwenye jiko: Simu ya Kidawa. Mgeni: Salima.*

Mnakumbuka siku jiko lile liliposhushwa kwenye gari? Katika nyumba ya Abdala, kama ilivyokuwa kwa baba yake, chombo kipya cha moto hakiwashwi na mke mdogo. Kiwe jiko la udongo, iwe taa ya chemli, bi mkubwa ndiye anayekifungua, anasema Bismillahi, ndipo wengine watumie. Kwa hiyo jiko lile lilifunguliwa kwa simu ya Bi Kidawa, na Salima akaunganishwa baadaye. Kila mtu aliona ni heshima tu. Jiko liliona ni miliki.

Salima aliona kitu kinamchoma kuliko moto wowote. Muda wote ule, akiamka alfajiri kupika, akifuta kioo kile mpaka kinang'aa, alikuwa mgeni jikoni kwake, na hata jiko lilijua.

"Lete simu yako, dada," alisema taratibu. Utaratibu ule ulitisha kuliko kelele. "Ilete hapa tuione."

Bi Kidawa alikwenda akarudi nayo kwa ncha za vidole, akamtupia Stella. "Kagua! Ukikuta apu ya jiko humo, mimi ndiye nirudi kwetu!"

Stella alikagua. Alipekua mara mbili.

"Haimo," alisema. "Hii simu haijawahi kuliona jiko."

"Kwa sababu ni mpya!" Bi Kidawa aling'aka. "Jiko nililifungua na ile ya zamani, yenye ufa kwenye kioo. Hii nilinunuliwa baadaye."

"Na ile ya zamani iko wapi?"

"Ile ya zamani alii..."

Macho ya Bi Kidawa yakaenda mlangoni taratibu, yakasimama juu ya kanzu nyeupe.

"Tuna wageni wanakaribia, na nyinyi mnacheza polisi," Abdala alisema. "Salima, nimekwambia kusanya vitu vyako."

Ndipo jambo moja likamgonga Salima kichwani. Abdala aliingia akipiga kelele kwamba chakula kimeungua tena. Nani alimwambia? Kuku walikuwa wazima. Hakukuwa na moshi, hakukuwa na harufu.

"Stella," alisema, macho hayatoki kwa mumewe, "mgeni akitaka kufungua mlango uliofungwa na mwenye jiko, hana njia?"

"Ana njia moja. Anaomba ruhusa. Kuna kitufe hapo chini. Ukikibonyeza, simu ya mwenye jiko inalia, akubali au akatae."

"Washa umeme."

"Acha upuuzi!" Abdala akapiga hatua.

Stella akawasha umeme. Salima akabonyeza.

Pii, pii, pii, pii.

Sauti ilitoka ndani ya mfuko wa kanzu.

Abdala aliutia mkono mfukoni kuizima, na Bi Kidawa, mwanamke mzima mwenye hina mbichi, akamrukia. Kanzu nyeupe ilipata viganja viwili vyekundu kifuani. Simu yenye ufa ikaanguka sakafuni, na Salima akaiwahi.

"Uliniambia unaipeleka kwa fundi," Bi Kidawa alisema. Sauti ilikuwa chini sana. "Kisha ukaniambia imekufa. Mkate wa Maulidi, wewe. Mihogo ya Sikukuu, wewe. Na leo, Abdala? Leo ni siku ya Somoe! Umemuunguzia mwanangu samaki wa posa yake?"

"Kidawa, tuzungumze baadaye. Wageni..."

"Ulimwapia baba yake huyu kwamba hutamwacha bila kosa la kuonekana. Kosa hukuliona, ukaamua kulipika mwenyewe!"

Salima alisimama na simu mkononi. Mwanamke aliyemchukia kuliko watu wote duniani ndiye alikuwa akimtetea, na mwanamume aliyemfulia kanzu ile ndiye alikuwa mwizi wa maisha yake. Akabonyeza KUBALI. Jiko likasema tk, likafunguka. Kuku walikuwa wameanza kupata rangi nzuri ya kahawia.

Honi ikalia nje. Sauti ya mshenga Huseni ikasikika barazani: "Hodi wenyewe! Rasbura tumefika!"

"Salima," Abdala alisema, na kwa mara ya kwanza alisema kwa upole, "mke wangu. Nipe hiyo simu. Tuwapokee wageni, kisha nitakueleza. Hakuna talaka. Nimeifuta. Nipe."

Alikuwa amenyoosha mkono. Mkono ulikuwa ukitetemeka, na Salima akajiuliza: kama talaka imefutwa, anatetemekea nini?

Akaitazama simu. Juu ya kioo, chini ya ufa, yaliandikwa maneno *Majiko Yangu*. Majiko? Kwake yeye siku zote lilionekana moja. Akashusha kidole.

Yalikuwa mawili.

"Soma kwa sauti," Bi Kidawa alisema. "Miwani yangu iko ndani. Soma!"

"La kwanza linaitwa Masoko," Salima alisoma. "La pili liko Lindi. Rasbura. Linawaka sasa hivi, linaoka." Akasogeza kioo karibu. "Linaitwa Nyumbani."

Stella aliacha kukunja waya.

Kila wiki Lindi, kila wiki Lindi. Nafuatilia korosho, nafuatilia posa ya mtoto, ndivyo Abdala alivyokuwa akiaga. Bi Kidawa aliyafunga macho akayafumbua, na alipoyafumbua hayakuwa na hasira tena. Yalikuwa makavu kabisa. Alisogea akasimama bega kwa bega na Salima, akaitazama simu kwa karibu kama anaweza kuisoma.

Chini ya neno *Nyumbani* kulikuwa na kitufe chekundu. Kitufe ambacho Salima hakuwahi kukiona kwenye simu yake. *Jisafishe.*

"Bonyeza," Bi Kidawa alisema.

Salima akamtazama. Wanawake hawa wawili hawakuwahi kukubaliana hata juu ya chumvi.

"Bonyeza, mdogo wangu."

Kidole cha Salima kikashuka.

"Usibonyeze!" Abdala alikuwa ameanguka magoti, kofia imemtoka, fahari yote imemtoka. "Salima, nakuomba kwa Mungu, usibonyeze! Huwa anakaa mbele ya hilo jiko, anapenda ile taa yake! Mwanangu ataungua!"

Kidole kikasimama hewani.

Pazia la mlangoni lilikuwa wazi. Somoe alikuwa amesimama hapo, amevaa hariri ya posa, amekuja kusema wageni wameshavua viatu. Mtoto pekee wa Abdala. Masoko nzima inajua hivyo, na yeye mwenyewe alilala na kuamka akijua hivyo. Alimtazama baba yake pale chini.

"Mwanao yupi, baba?"